Mfuko Ambao Kaka Hakuugeuza

Ndugu zangu mliokuja kutushika mkono, mama yetu mzazi uliyekaa hapo mbele, shemeji yangu, wanangu watatu alioacha kaka, majirani, wakulima mliotoka makwenu kabla jua halijachomoza, na ninyi wanachama wa chama alichokitumikia marehemu, mimi ndiye mdogo wake wa kumfuata, yule mwenye duka la pembejeo linalotazamana na mzani wa mazao, na familia imenituma nisome historia ya maisha ya kaka yetu kutoka kwenye karatasi hizi mbili alizozichapa binti yake mkubwa juzi jioni. Mwongoza ratiba amenipa dakika kumi, nami namwomba mapema kabisa asinioneshe saa, maana nitasoma polepole, na ninayo sababu ya kusoma polepole.

Kabla sijaanza niseme lile ambalo kila mtu hapa analo kifuani na hakuna anayethubutu kulitamka mbele ya jeneza, kwamba Ijumaa ijayo, tarehe 19 Septemba, mashamba mia mbili na kumi na mawili yanapigwa mnada yakiwa na mahindi mabichi juu yake, na wenye mashamba hayo wengi wao wamekaa hapa chini ya turubai hili. Tangu Jumanne nawasikia mkinong'ona kwamba huyu aliyelala hapa ndiye aliyewauza kwa kalamu yake, na sijatia pamba masikioni, nimesikia yote, hata yule aliyesema afadhali amekufa kabla ya Ijumaa nimemsikia, na nilimpitishia chai kwa mkono wangu mwenyewe. Nawaomba mvute subira, tutafika huko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika chumba cha nyuma cha zahanati yenye vyumba viwili, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu baba yetu, aliyekuwa mkulima, na wa mama yetu huyu mnayemwona. Karatasi inasema alizaliwa akiwa na afya njema, lakini mama anasema alizaliwa mdogo kama paka, amekunja uso kama mtu anayekagua kitu, na hakuukunjua uso ule mpaka alipopata mke, na hata hapo aliukunjua nusu tu.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1974 na kumaliza la saba Novemba 1980, akaendelea na sekondari kuanzia 1981 hadi 1984, kisha akajiunga na chuo cha kilimo na kutunukiwa cheti tarehe 6 Juni 1987. Katikati ya miaka hiyo kuna jambo moja ambalo ni lazima nilisome taratibu, kwa sababu bila hilo hamtamwelewa mtu huyu hata kidogo. Mwaka 1977 baba yetu alichukua mkopo wa mbolea na jembe la kukokotwa na ng'ombe, akaweka shamba rehani, na karani aliyekuja kuandika mkataba alikuwa na viatu vinavyong'aa, hakushuka kwenye gari, aliuliza ukubwa wa shamba kupitia dirishani na kuandika kwamba deni lilipwe tarehe 30 Juni. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza, kwamba mahindi yetu hayakomai kabla ya mwisho wa Julai. Tarehe 12 Julai shamba lilipigwa mnada likiwa na mahindi yamesimama, na kaka, akiwa na umri wa miaka kumi na moja, alihesabu kwa vidole siku zilizokuwa zimebaki mpaka kuvuna, zikawa kumi na tisa. Baba hakuwahi kuwa na shamba tena, alitengeneza baiskeli za watu pale njia panda mpaka alipofariki tarehe 3 Oktoba 1991, na kila alipoingiza tairi kwenye karai la maji kutafuta pancha, kaka alikuwa akiniambia kwa sauti ya chini, siku kumi na tisa tu, mdogo wangu, siku kumi na tisa.

Tarehe 2 Februari 1988 aliajiriwa kuwa afisa mikopo wa chama cha akiba na mikopo, na siku ya kwanza aliingia ofisini na mabuti ya mpira yenye tope mpaka magotini, akakanyaga zulia jipya la meneja, meneja akapiga kelele kama aliyeumwa na nge. Kaka hakuomba radhi, alisema mwenzangu, kama afisa mikopo wako hana tope miguuni ujue leo hajafanya kazi, na mimi bado nashangaa hakufukuzwa siku hiyohiyo. Alikopesha kwa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo hakuandika jina la mkulima yeyote kabla ya kuzunguka naye pembe zote nne za shamba lake, mvua au jua, hata kama mkulima mwenyewe alikuwa amechoka na anamwomba jamani bwana mkopo tukae kidogo.

Tarehe 17 Agosti 1999, yeye na wenzake wanne walianzisha chama cha wakopeshaji wa kilimo, katika chumba kimoja juu ya duka la magodoro, kwenye meza ya miguu mitatu ambayo mguu wa nne ulikuwa matofali. Wengi bado mnadhani chama kile kinakopesha, nami nimechoka kuelezea dukani kwangu, chama kile hakikopeshi mtu hata senti tano, kazi yake ni kuwafundisha wakopeshaji kilimo na kuwafundisha wakulima mikopo, ili wasije wakakutana tena kupitia dirisha la gari. Wanachama wake leo ni wakopeshaji kumi na mmoja, na kaka alikuwa katibu wao kwa miaka ishirini na sita, mpaka siku alipokata roho.

Kazi kubwa ya katibu ilikuwa kalenda. Kila mwaka ifikapo mwezi Machi alitoa tarehe moja ya marejesho kwa wakopeshaji wote, iliyohesabiwa kutoka siku ya kupanda, zikaongezwa siku za mbegu kukomaa, zikaongezwa siku za kukausha na kuuza, na wote kumi na mmoja waliweka sahihi kwamba hawatadai kabla ya siku hiyo wala hawatasubiri baada yake. Kwa misimu ishirini na mitano hakuna shamba hata moja lililouzwa likiwa na mahindi yamesimama, na hilo, ndugu zangu, ndilo alilokuwa akijivunia, maana nyumba aliyoacha ni ya vyumba vitatu na redio mbovu.

Siku za mbegu kukomaa zimeandikwa nyuma ya mfuko wa mbegu, kwa herufi ndogo, chini ya picha ya hindi, na kaka hakuamini mdomo wa mtu kuhusu siku hizo, hakuamini muuzaji, hakuamini mtengenezaji, hakuamini bwana shamba, aliingia dukani, akavaa miwani, akasema geuza mfuko. Vijana wote wa mikopo aliowafundisha walifundishwa hivyo, na wakulima wakampachika jina la Geuza, hata watoto wa barabarani walimpigia kelele shikamoo Mzee Geuza, naye akawajibu marahaba, geuzeni na madaftari yenu. Chumbani kwake kuna msumari ukutani, na kwenye msumari huo kuna mifuko mitupu ya misimu yote, mfuko mmoja kwa kila mwaka. Jana nilikwenda nikaihesabu, ipo ishirini na mitano, wa mwaka huu haupo.

Marehemu alifunga ndoa na shemeji yangu tarehe 9 Desemba 1995, baada ya uchumba wa miaka miwili ambao shemeji anausimulia kwa kusema kwamba mtu huyu alikuja kwao mara nne kabla ya kuuliza jina lake, mara zote akiuliza habari za shamba la baba yake. Siku aliyomposa alimwambia sina maneno matamu, ila nikisema nitarudi saa kumi na mbili nitarudi saa kumi na mbili, na shemeji akaona afadhali huyo kuliko wale wa maneno matamu. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1997, ambaye sasa ni mwalimu, kijana aliyezaliwa tarehe 8 Novemba 2000, ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba aliyezaliwa tarehe 30 Januari 2008, ambaye bado yuko shuleni na ambaye tangu Jumanne hajatoa chozi hata moja, mwanangu, lia, hakuna anayekutazama.

Sasa nafika mwaka huu, na hapa nasoma kama karatasi ilivyo. Karatasi inasema, mnamo tarehe 3 Machi 2025 marehemu alitoa kalenda ya msimu, akahesabu mbegu kuwa ya siku mia moja na ishirini, wakulima wakapanda tarehe 5 Aprili, na tarehe ya marejesho ikawekwa kuwa 5 Septemba. Inasema kwamba kumbe mbegu iliyopandwa ilikuwa ya siku mia moja na sabini, kwamba tarehe ya marejesho ilifika mahindi yakiwa mabichi, na kwamba marehemu aliwaeleza wanachama kuwa aliambiwa mia moja na sabini na yeye mwenyewe akakosea kuandika. Hivyo ndivyo karatasi inavyosema, na ndivyo alivyosema yeye kwenye vikao vitatu, tarehe 4 Julai, tarehe 1 Agosti na tarehe 29 Agosti, akisimama mbele ya wakopeshaji wale wale aliowafundisha kuvaa mabuti, akiwasihi waisogeze tarehe mpaka mwisho wa Oktoba.

Wakamkatalia, na msiwachukie, kwa sababu walimkatalia kwa kanuni aliyoiandika yeye mwenyewe. Ni kanuni ya kumi na moja ya chama, naijua kwa moyo, nimeisoma mwezi huu kuliko nilivyosoma kitu chochote maishani mwangu. Inasema kalenda ikishawekwa sahihi haisogezwi kwa sababu ya kuombwa, wala kwa kosa la katibu, maana katibu anaweza kushawishiwa kila mwaka akosee kwa faida ya fulani. Inasema kalenda hufa kwa njia moja tu, ikiwa aliyetoa idadi ya siku aliitoa ya uongo, na mtu huyo asimame yeye mwenyewe, aseme kwa kinywa chake, mbele ya wanachama wasiopungua wanane. Akishasema, kalenda inakufa palepale, hakuna anayeruhusiwa kudai wala kupiga mnada, na mpya inatengenezwa ndani ya siku saba.

Mama mwenyekiti wa chama, naye yupo hapa, alimuuliza kaka mara tatu, kikao baada ya kikao, katibu, nani alikupa idadi ya siku, tusaidie tukusaidie, na mara tatu kaka alijibu nilipewa sahihi, nikakosea mimi. Wale waliokuwepo wanasema mara ya tatu alijibu akiwa ameshika meza kwa mikono miwili.

Kuhusu maradhi yake, marehemu alianza kulalamika kifua tarehe 7 Julai, akapimwa tarehe 10 na kuambiwa moyo umetanuka, akalazwa tarehe 18 Agosti, na tarehe 29 aliwatoroka wauguzi akiwa na bomba la sindano bado limebandikwa mkononi ili awahi kikao. Siku zilizofuata hakulala wala hakula, alizunguka kwa kila mwanachama mmoja mmoja, akakaa kwenye mabenchi ya mapokezi kama mtu aliyekuja kuomba kazi, yeye aliyewafundisha hao wote, na jioni alikuwa akimpigia shemeji simu na kusema neno moja tu, bado. Tarehe 4 Septemba, siku moja kabla ya marejesho, alianguka kwenye ngazi za ofisi ya mwanachama wa saba, akarudishwa hospitali, na tarehe 9 Septemba 2025, Jumanne, saa nne na robo asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Hapo ndipo karatasi inapoishia, zimebaki shukrani.

Naona gari linaingia pale getini, naomba vijana mumpishe mgeni apite, mpeni kiti hapa mbele, hapana, hapa hapa, karibu na wenzake, asante sana mzee wetu, pole na safari, tumeambiwa daraja lilikuwa bovu, tulikuwa tunakusubiri. Mwongoza ratiba, naona unanionesha saa, ndugu yangu, nakuomba kwa jina la mama yangu ifunike hiyo saa kwa mkono. Huyo aliyekaa sasa hivi ni mwanachama wa nane. Tangu asubuhi nimekuwa nikihesabu vichwa vyenu kama kuku wa kuuza, saa tatu mlikuwa watatu, saa tano mlikuwa sita, nilipopewa kipaza sauti mlikuwa saba, na nimesoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza kwa kumngoja huyo. Karani wa chama, nimekuona umekaa nyuma, naomba utoe daftari.

Mimi ndiye niliyetoa idadi ya siku.

Tarehe 24 Februari, saa nane mchana, kaka alinipigia simu kutoka kijiji cha mbali ambako gari lilikuwa limemkwama kwenye tope, akaniuliza, mdogo wangu, ile mbegu ya wakulima wetu mwaka huu ni siku ngapi, nami nilikuwa na wateja, nimebana simu kwa bega, mzigo wenyewe haujafika, nikamjibu mia na ishirini, kama kawaida. Akasema umegeuza mfuko, nikasema ah kaka, hata mimi huniamini, akacheka, akasema haya, wewe ni damu yangu. Katika miaka ishirini na sita hiyo ndiyo mara pekee ambayo Geuza hakugeuza mfuko, na hakuugeuza kwa sababu aliyekuwa upande wa pili wa simu ni mimi.

Kama ingekuwa imeishia hapo ningesema nilipitiwa, binadamu hupitiwa. Lakini mzigo ulifika tarehe 2 Aprili, siku tatu kabla ya kupanda, rangi ya mfuko ileile, picha ya hindi lilelile, nikawa nasaidia kushusha, mfuko mmoja ukaangukia tumbo, nikauona mgongo wake. Mia moja na sabini. Ile ya siku mia na ishirini ilikuwa imewaishia wasambazaji, wametuletea nyingine bila kusema. Nilikaa chini juu ya mfuko uleule, nikatoa simu, nikatafuta jina la kaka, nikalitazama. Nikafikiri kwamba nikisema, mzigo wote unarudi, mvua imeshaanza, wakulima wanakwenda kwa muuza duka wa ng'ambo ya barabara, na mimi nabaki na duka tupu msimu mzima. Nikajiambia wataisogeza tarehe wenyewe, wakopeshaji si wanyama, nikairudisha simu mfukoni, nikawauzia wote mia mbili na kumi na wawili. Mama mwenye banda la kuku, wewe uliyenishukuru kwa kukukopesha mpaka jioni, nilikuuzia nikijua.

Kaka aligundua tarehe 20 Juni, siku ya sabini na sita, alipokuwa akizunguka shamba la huyu mama na kukuta mahindi hayana hata ndevu, akauona mfuko mtupu ameufunikia banda la kuku, akauvuta, akaugeuza. Alikuja dukani kwangu jioni ileile. Mimi nilijua tangu alipovuka barabara, nikajifanya napanga chupa za dawa. Alisimama kaunta, akaomba pakiti ya mbegu za mchicha, akalipa, akangoja chenji yake, kisha akasema nimeuona mfuko. Nikafungua mdomo, akainua mkono, akasema wewe una duka na watoto wanne, wakijua uliwauzia ukijua unanyang'anywa leseni na unalala ndani, kalenda ina sahihi yangu, nitaisogeza mwenyewe, wewe nyamaza. Nami nikanyamaza, jamani, nikanyamaza vizuri sana, nilinyamaza Julai, nikanyamaza Agosti, nilimpelekea uji hospitali nikiwa nimenyamaza, nikamshikia kikombe, akanitazama mimi mdogo wake mwenye miaka hamsini na sita, akaniuliza biashara inaendaje.

Angeweza kunitaja jina mara moja tu na mkaniburuta mbele yenu, mashamba yakapona, naye akapona, maana daktari alituambia wazi kwamba moyo ule ulihitaji kupumzika na si dawa nyingine. Hakunitaja. Shemeji, wewe ulijua, aliweweseka mbele yako, nami niliona kwa jinsi ulivyokuwa ukiniwekea chai bila kunitazama, ulikuwa ukingoja niwe mtu, na nimechelewa siku nne. Mama, nilikuwa nyuma ya kaka tangu utotoni, alinifundisha kuhesabu kwa siku zile kumi na tisa za baba, na mimi huyohuyo nimewafanyia watu hawa kilekile tulichofanyiwa sisi, hao wanauziwa zikiwa zimebaki siku tatu mahindi yakomae. Sijui nitakutazama vipi, mama yangu, usiniite sasa hivi, ngoja nimalize.

Karani, andika kwamba nimesema kwa kinywa changu, leo Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, saa saba na dakika ishirini, nikiwa na akili zangu, sijalewa wala sijalazimishwa, kwamba nilitoa siku mia na ishirini bila kuona mfuko, na nilipouona nikaficha. Wanachama, mpo wanane, kanuni haiwaulizi kama mnaniamini, inauliza kama mmesikia, na spika hizi mbili zimekodiwa kwa ajili ya kusikika. Mama mwenyekiti, naona umevua miwani na unatikisa kichwa kukubali, nakushukuru, tikisa tena wale wa nyuma wakuone. Ninyi wa mashamba msishangilie, nawaomba, huu ni msiba, na mkinitukana nitukaneni baada ya mazishi, nitakuwa hapahapa, funguo za duka nimeshampa binti mkubwa wa marehemu na sitakimbia.

Zimebaki shukrani, nazo nazisoma kama zilivyoandikwa. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao walimtafuta mpaka barabarani siku alipowatoroka, inawashukuru majirani waliolala nje kwa usiku nne na kupika kwa zamu, inawashukuru wafanyakazi wenzake na wanachama wote wa chama kwa gari, jeneza na viti, na inawashukuru wakulima ambao pamoja na hasira zao walikuja kumchimbia kaburi kwa mikono yao. Mmechimba kaburi la mtu mliyedhani amewauza, na hakuna kati yenu aliyechimba vibaya, nimekwenda kuliangalia.

Na huu hapa chini ya koti langu ni mfuko wa mwaka huu, niliuomba jana kwa mwenye banda la kuku, nikauosha, nitautundika kwenye ule msumari tukirudi kutoka makaburini.

Kaka, uliniuliza kwa simu, nami nilikuwa na wateja. Ni siku mia moja na sabini. Mia moja na sabini, kaka yangu, nimegeuza mfuko. Sasa pumzika.